Eudora Welty na kibao cha mkate: binti akifiwa na wote, anabaki nani?

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam. Leo naomba tukae Mississippi. Kuna mwandishi sijawahi kuona akifunguliwa uzi humu, anaitwa Eudora Welty, na kila nikimaliza kitabu chake natafuta mtu wa kuongea naye nakosa. Ukitaja hadithi za Kusini ya Marekani watu wanawaza pamba, vita na wanaume wenye bunduki. Huyu mama kaandika ya jikoni, ya msibani, ya harusini, ya chumba cha kushonea. Na kuna swali analirudia tangu hadithi zake za mwanzo hadi uzeeni: mwanamke aliyezoea kuitwa binti wa fulani na mke wa fulani, siku hao fulani wote wakishazikwa, yeye ni nani?

Alizaliwa Jackson, makao makuu ya jimbo la Mississippi, tarehe 13 Aprili 1909. Baba alitokea Ohio, akafanya kazi kampuni ya bima. Mama, Chestina, alikuwa mwalimu kutoka milima ya West Virginia. Wote wawili walikuwa wa kuja pale. Eudora akasoma Wisconsin, akaenda New York kusomea matangazo ya biashara, na 1931 baba akafariki kwa saratani ya damu. Akarudi nyumbani. Hakuolewa. Nyumba ambayo wazazi wake waliijenga mwaka 1925 mtaa wa Pinehurst ndiyo aliyoishi hadi kifo chake mwaka 2001. Namna yake ya kuandika imenikaa kichwani: alikuwa anakata kurasa kwa mkasi, vipande anavibana kwa pini za kushonea, anahamisha aya hii huku, ile kule, kama fundi nguo anayetafuta mkato kabla hajatia uzi.

Kitabu ninachotaka tukifungue ni *The Optimist's Daughter*, cha 1972, kilichopata tuzo ya Pulitzer 1973. Kwa lugha yetu ningesema "Binti wa Mwenye Kutumaini Mema". Ni chembamba, wikendi moja unakimaliza.

Laurel McKelva Hand ameshapita miaka arobaini, anaishi Chicago, kazi yake ni kubuni nakshi za vitambaa. Mumewe, Phil, alikufa Vita ya Pili ya Dunia, baharini Pasifiki. Mtoto hawakujaliwa. Mama yake, Becky, alishafariki zamani. Amebaki na baba tu, Jaji McKelva, mzee wa miaka 71, ambaye uzeeni ameoa mke wa pili anayeitwa Fay. Fay ni mdogo kuliko Laurel.

Retina ya jicho la mzee inaachia, anapelekwa hospitali New Orleans. Baada ya upasuaji anatakiwa alale chali bila kutikisika, siku baada ya siku. Laurel anakaa pembeni anamsomea Dickens. Huko nje mji mzima uko kwenye sherehe za Mardi Gras, na siku hiyohiyo ni siku ya kuzaliwa ya Fay. Usiku ule Fay anaingia wodini, anamshika mgonjwa, anamvuta atoke kitandani, anapiga kelele kwamba leo ni siku yake. Mzee anafariki muda mfupi baadaye.

Mwili unarudishwa Mount Salus, mji wao mdogo. Jeneza linawekwa sebuleni, majirani wanajaa, kila mmoja anamsimulia marehemu, na Laurel anasikia baba yake akigeuzwa mtu mwingine mbele ya macho yake: wanampa ushujaa ambao hakuwa nao, vituko ambavyo hakufanya. Anajaribu kuwasahihisha, hakuna anayemsikiliza. Wanafika ndugu wa Fay kutoka Texas, mama, kaka na watoto, wakati Fay alishasema ndugu zake wote walikufa. Halafu kaburi. Becky amezikwa sehemu ya zamani, chini ya miti. Fay ameamua mume azikwe sehemu mpya, jirani na barabara kuu ambako magari yanapita usiku na mchana.

Nyumba ni ya Fay. Fay anaondoka na ndugu zake kwenda kupumzika kwao siku chache, na Laurel anabaki peke yake katika nyumba aliyozaliwa, ambayo si yao tena.

Nanywa maji, narudi.

#2 Mchangiaji

Dada, umenikamata. Hapo kwenye kaburi ndiyo nimesimama kabisa. Mzee kuzikwa mbali na mke aliyezaa naye! Kwetu kikao cha ukoo kingekaa mpaka asubuhi. Hivi hakuna shangazi wala baba mdogo wa kusema neno? Endelea, naweka kambi hapa.

#3 Mleta uzi

Hakuna. Laurel ni mtoto pekee, na hiyo ndiyo siri ya kitabu. Amezungukwa na watu wema, wapo hata rafiki zake waliomsindikiza siku ya harusi yake, lakini damu hana.

Sasa usiku wenyewe. Hapa naomba mnivumilie, maana sura hii ndiyo iliyonifanya nifungue uzi.

Mvua na upepo. Ndege mmoja, aina ya mbayuwayu wanaojenga kwenye mabomba ya moshi, ameingia ndani ya nyumba na anajibamiza gizani. Laurel anamwogopa. Anakimbia chumba hadi chumba anafunga milango, mpaka anajikuta amejifungia kwenye chumba kidogo alichokuwa akilala utotoni, ambacho baadaye kilikuwa cha mama kushonea. Kumbe samani za mama ambazo Fay hakuzitaka zimesukumiwa humo. Meza ya mama ya kuandikia imo. Laurel anafungua droo.

Barua. Zimepangwa na mama mwenyewe, kila moja mahali pake. Hapo ndipo tunamjua Becky. Akiwa na miaka 15, kule milimani West Virginia, baba yake aliugua ghafla. Wakati wa baridi, barabara hazipitiki, mto umejaa barafu. Majirani wakamlaza mgonjwa juu ya chelezo, binti akapanda naye, wakashuka mto usiku hadi kwenye reli, wakapanda treni hadi Baltimore. Akafia huko, kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Na yule binti wa miaka 15, asiyemjua mtu hata mmoja katika mji ule, akarudi peke yake na jeneza kwenye treni. Hii Welty hakuitunga. Ilimpata mama yake mzazi, na amesimulia wazi kwenye *One Writer's Beginnings*, kitabu cha kumbukumbu zake cha 1984.

Becky huyo jasiri, mwishoni, anapofuka na kulala kitandani miaka. Mume wake anampenda kupita kiasi, lakini ni mtu wa "yote yatakuwa sawa". Anamwahidi atamrudisha milimani kwao. Mke anajua ni uongo wa mapenzi, na unamuuma kuliko ugonjwa. Anamwita mwoga, anamwita mwongo. Siku moja anamgeukia hata Laurel, anamwambia: ungeweza kuokoa maisha ya mama yako, ukasimama tu unatazama. Akafariki bila kulifuta neno hilo.

Wakuu, nimesoma riwaya nyingi za mama na binti. Nyingi mwishoni wanakumbatiana. Hapa hakuna kukumbatiana. Binti anabaki na neno la mama mgonjwa kifuani, miaka na miaka, na hakuna wa kumwomba alirudishe. Welty alikijua kitu hiki. Mama yake naye alipoteza uwezo wa kuona, akauguzwa kwa muda mrefu, na Januari 1966 mama na mdogo wake Edward wakafariki ndani ya siku chache tu. Hadithi hii ilianza kutoka kwenye jarida la The New Yorker mwaka 1969, kisha akaifumua na kuishona upya ikawa kitabu.

Asubuhi Laurel anamkamata yule ndege kwa vikapu viwili, anamtoa nje, anaruka zake. Barua anazichoma. Anataka kuondoka bila kuacha alama.

Kisha, jikoni, kwenye kabati, anakiona kibao cha mkate.

Phil ndiye aliyekitengeneza, kwa mikono yake, zawadi kwa mama mkwe. Mbao zimeungana usiweze kupitisha hata ukucha. Mama alikipenda, mkate wake wote alikatia hapo. Sasa kimechakaa, kina ukungu, kimechimbika mashimo na alama za sigara. Fay anarudi mapema, anamkuta Laurel hapo, na Laurel anamuuliza umekifanyia nini. Anajibu alivunjia kokwa kwa nyundo. Ubao una kazi gani nyingine?

Laurel anakinyanyua juu ya kichwa.

#4 Mchangiaji

Usiniambie hakumpiga.

#5 Mleta uzi

Hakumpiga. Anabaki amekishikilia juu, na mezani wanarushiana maneno. Fay anamuuliza anaona nini kwenye ubao huo. Laurel anasema anaona hadithi yote, yote yaliyopita. Fay anasema yaliyopita kwake si kitu, yeye ni wa kesho. Na Laurel anaelewa ghafla kwamba huyu mwanamke hawezi kuuharibu utoto wake wala ndoa yake, kwa sababu hana hata jicho la kuviona. Anakishusha taratibu mezani, anamwachia, anatoka kuwahi safari. Welty anaandika kwamba kumbukumbu haikai katika kumiliki kitu, inakaa katika mikono iliyofunguliwa na kusamehewa, na katika moyo unaoweza kumwagika ukajaa tena.

#6 Mchangiaji

Mimi hapo nagoma. Angekibeba! Nyumba wamechukua, kaburi wameamua wao, barua kachoma mwenyewe, na kibao alichochonga marehemu mumewe anamwachia mwanamke asiyejua thamani yake? Huo si msamaha, huo ni unyonge. Wanawake tumefundishwa sana kuacha, kuacha, kuacha. Mwishoni unaondoka na begi la nguo.

#7 Mchangiaji

Naungana na #6 nusu. Ila na mimi niseme la Fay, maana naona kila mtu anamponda. Binti wa familia ya kimaskini, ameolewa kwenye nyumba ambayo kila kijiko kina jina la mke wa kwanza. Mji mzima unamtazama kama mwizi. Hata akilia kwenye jeneza, wanasema analia vibaya. Aliyepitia ndoa ya mjane mwenye watoto wakubwa atamwelewa.

#8 Mleta uzi

#7, asante sana, na hilo nakubali bila kusita. Udhaifu wa kitabu, kama kina udhaifu, uko hapo. Welty aliwasikia watu wa aina ya Fay vizuri mno, lugha yao, sauti yao, lakini huyu Fay hakumpa usiku mmoja wa peke yake kama aliompa Laurel. Ndugu zake amewatendea haki kidogo zaidi. Kuna babu yao mmoja aliyesafiri usiku kucha kwenye basi, na njia nzima alikuwa anabangua kokwa za pekani ili asifike msibani mikono mitupu, akamkabidhi Laurel boksi. Mimi yule babu nampenda kuliko nusu ya wale majirani wastaarabu.

#6, hili la kwako nimelala nalo. Naomba nijibu kwa jambo la kwetu nyumbani.

Mama yetu alifariki, tuko mabinti wanne. Nyumba haikutugombanisha. Tuligombana kwa ajili ya kinu. Kinu cha mvule, sehemu ya ndani imelainika kama kioo, na upande mmoja umelika zaidi kwa sababu mama alikuwa akitwanga huku amekaa ubavu, mgongo ulikuwa unamsumbua. Ukiingiza mkono unausikia ule ubonde. Tulinuniana miezi minane. Mwisho dada mkubwa akakichukua. Mwaka jana nilimtembelea nikakikuta barazani, amekijaza udongo, amepanda mshubiri. Damu ilinipanda kichwani. Nilikaa kwenye mkeka pale chini nikiwa nimekishika, na dada akatoka jikoni na chai, akakaa. Na alivyokaa, akakaa ubavu. Vilevile. Mgongo umeshaanza kumsumbua na yeye.

Sikusema neno juu ya kinu tangu siku hiyo. Kwa hiyo #6, sisemi wanawake waache mali zao. Nyumba, shamba, hati, pigania mpaka mahakamani. Laurel mwenyewe kosa lake ni kwamba nyumba hakuiulizia hata. Nasema kile kibao hakikuwa mali. Angekibeba Chicago kingekuwa ubao wenye mashimo juu ya kabati, na kila akikitazama angemwona Fay na nyundo yake, asimwone Phil.

#9 Mchangiaji

Hiyo ya dada kukaa ubavu imenitoa machozi ofisini. Vitabu vyake vingine vikoje? Vyote ni vya misiba?

#10 Mleta uzi

Hapana, mkuu. *Delta Wedding*, ya 1946, ni harusi mwanzo mwisho. Mwaka ni 1923. Aliuchagua makusudi kwa sababu haukuwa na vita wala mafuriko ya Mississippi, kwa hiyo wanaume wangekuwa nyumbani, na tungewaona wanawake wakiwa nao. Mtoto wa miaka tisa, Laura, anafika kwa treni kwenye shamba la pamba la ukoo wa mama yake, akina Fairchild. Mama yake amefariki Januari ile. Anakuja kwenye harusi ya binamu yake Dabney, lakini anaambiwa hawezi kuwa miongoni mwa wasindikizaji wa bibi harusi kwa sababu amefiwa. Fikiria mtoto huyo. Kufiwa kumemtoa kwenye mstari. Mwishoni anapata nafasi kwa sababu tu mwenzake ameugua tetekuwanga!

Humo ndani kuna mwanamke mmoja, Robbie, mke wa George, mwanaume ambaye ukoo mzima unamwabudu. Siku moja wako kwenye daraja la reli, treni inakuja, George anabaki darajani kumnasua mpwa wake mwenye ulemavu wa akili ambaye mguu umenasa. Ukoo unaisimulia kama sifa. Robbie alikuwepo, na kilio chake ni kimoja: kwa ajili yangu usingefanya hivyo. Wakwe hawamsamehei neno hilo. Mke yeyote aliyewahi kuona mumewe akiwa mume kwake na mfalme kwa dada zake atalielewa papo hapo. Na kuna jambo hamtalitegemea: kwenye hadithi hii, ardhi ya Delta, eneo la mashamba ya pamba la Mississippi, ni ya wanawake. Wanaume wanaachiwa tu waishike.

Ukitaka kucheka anza na *Why I Live at the P.O.*, hadithi fupi ya 1941. Binti mkubwa anagombana na nyumba nzima kwa sababu mdogo wake amerudi, anafungasha vitu vyake tarehe 4 Julai na kuhamia posta anakofanya kazi. Anachomoa feni ikiwa inazunguka. Anadai mota ya cherehani aliyochangia kumnunulia mama. Ukimaliza kucheka unagundua yule dada yuko peke yake kabisa.

#11 Mchangiaji

Uzi mzuri, ila nauliza bila kuzunguka. Hii ni Mississippi ya ubaguzi. Hao akina McKelva na Fairchild nani aliwapikia? Watu weusi wako wapi humo?

#12 Mleta uzi

Wako jikoni, na hilo linapaswa kusemwa. Nyumba ya Laurel ina mwanamke anaitwa Missouri, mpishi, amekaa nao miaka, anamlilia Jaji kwa dhati. Ndiye anayesaidia kumtoa yule ndege. Lakini usiku Missouri anawaza nini hatuambiwi. Kitabu kizima kinauliza mwanamke ni nani nje ya familia, na Missouri, ambaye maisha yake yameishia kwenye familia ya wengine, hajaulizwa. Shellmound, shamba la *Delta Wedding*, ni hivyohivyo na zaidi.

Sitaki kusema hakuona. Miaka ya 1930 alizunguka Mississippi kwa kazi ya serikali, mradi wa ajira wa wakati wa mdororo, akapiga picha nyingi za watu weusi wakiwa sokoni, kanisani, barazani kwao, na nyuso hizo zina heshima. *A Worn Path*, ya 1941, ni ya bibi mweusi, Phoenix Jackson, anayetembea kwa miguu porini kwenda mjini Natchez kumchukulia dawa mjukuu wake aliyemeza magadi makali. Na Juni 1963 Medgar Evers, mpigania haki za watu weusi, alipouawa hapo hapo Jackson, Welty alikaa usiku ule ule akaandika hadithi kwa sauti ya muuaji, kwa kuwa alisema anawajua watu wa aina hiyo. Ilitoka Julai. Alikuwa anakaa mji huohuo. Lakini kumwandika muuaji usiku mmoja na kumwandika Missouri kurasa mia ni vitu viwili, na cha pili hakukifanya.

#13 Mchangiaji

Swali la mwisho kwangu. Kwa nini achome barua? Kibao nimekuelewa. Barua za mama sijakuelewa.

#14 Mleta uzi

Nadhani kwa sababu asingemwachia Fay azisome, na kwa sababu alikuwa ameshazisoma. Wakati zinaungua kipande kimoja kinapeperuka, kina maneno mawili ya mama na alama ya kuuliza: "asubuhi hii?" Anakirudisha motoni.

Lakini kuna barua moja sikuitaja kule juu. Ni ya bibi yake, mama yake Becky, aliyebaki peke yake mlimani. Laurel alipokuwa mtoto walikuwa wakienda huko, na bibi alifuga njiwa. Watu wazima walidhani mtoto anawapenda. Kumbe aliwaogopa, kwa sababu aliona jinsi wanavyolishana: mmoja anaingiza mdomo ndani ya koo la mwenzie, anakula alichokula yule, halafu wanabadilishana. Aliwaona kama watu waliokamatana wasiweze kuachana. Hakumwambia mtu.

Sasa usiku ule, miaka yote hiyo baadaye, anasoma barua ya bibi kwa Becky. Bibi anasema atajaribu kumtumia Laurel kikombe cha sukari kwa siku yake ya kuzaliwa. Na kwamba angepata njia, angependa kumtumia njiwa wake mmoja. Angekula mkononi mwake, kama mtoto angemruhusu.

Laurel alikuwa hajalia. Hospitali hakulia, kaburini hakulia. Hapo ndipo anaweka kichwa juu ya meza ya mama yake na kulia.